Karsten Solheim, fundi viatu aliyeifundisha fimbo ya gofu kusamehe

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1954, mhandisi mmoja wa kampuni ya General Electric mjini Ithaca, katika jimbo la New York nchini Marekani, alialikwa na wafanyakazi wenzake kwenda kucheza gofu. Alikuwa na umri wa miaka 42, baba wa watoto wanne, na mgeni kabisa katika mchezo huo.

Kama ilivyo kwa wageni wengi wa gofu, mpira ulimkaidi. Taabu yake kubwa ilikuwa pale mpira ulipofika karibu na shimo, ambapo fimbo ya kusukumia, badala ya kuupeleka mpira alikoukusudia, ilijipinda mkononi na kuupoteza.

Wengine katika hali hiyo huuacha mchezo. Wengine hukubali kuwa mikono yao ndiyo yenye kasoro, wakaendelea kujilaumu miaka nenda miaka rudi. Mhandisi huyu alifanya jambo la tatu. Aliigeuza fimbo, akaitazama kwa jicho la fundi na kuanza kuichunguza kama mtambo uliosanifiwa vibaya.

Mtu huyo ni Karsten Solheim, mwasisi wa fimbo za Ping, ambaye alifariki dunia Februari 16, 2000 akiwa na umri wa miaka 88. Mchezaji mpya anayeingia leo katika duka la vifaa vya gofu, iwe ni Nairobi, Dar es Salaam au London, akaonyeshwa fimbo za chuma zenye bonde mgongoni na kuambiwa kuwa hizo ndizo zinazomfaa anayejifunza, huwa ameshika mkononi matunda ya fikra za Solheim.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Maisha ya Solheim ni ushahidi wa usemi huo. Mabingwa walioishi na gofu tangu utotoni walikuwa wamekwisha kuuzoea ugumu wa fimbo zao, hata wakauona kuwa ni sehemu ya mchezo wenyewe. Ilihitajika mgeni aliyechelewa kufika kuuliza kwa nini mambo yawe hivyo.

Mtoto wa fundi viatu

Solheim alizaliwa Septemba 15, 1911 katika mji wa bandari wa Bergen nchini Norway. Mwaka 1913 familia yake ilihamia Marekani na kufanya makazi katika jiji la Seattle, jimbo la Washington, kwenye pwani ya magharibi. Akiwa bado mdogo sana alifiwa na mama yake. Baba yake, Herman, aliendesha maisha kwa kazi ya ushonaji na ukarabati wa viatu.

Kijana huyo alihitimu sekondari ya Ballard mwaka 1931 na kujiunga na Chuo Kikuu cha Washington kusomea uhandisi wa mitambo. Hata hivyo, hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Ada ilimshinda, akalazimika kukatiza masomo na kurudi kwenye soli, gundi na misumari ya viatu.

Mwaka 1936 alifunga ndoa na Louise Crozier, binti aliyekutana naye kanisani. Ndoa hiyo ilidumu hadi kifo kilipowatenganisha, na Louise alikuwa mshirika wake katika kazi kama alivyokuwa mkewe nyumbani. Katika kuhangaikia familia, Solheim aliwahi pia kuwa muuzaji wa vyombo vya kupikia.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka, Marekani ilihitaji wahandisi wengi. Solheim aliitumia nafasi hiyo kusoma kozi za ziada, na hatimaye akaajiriwa na kampuni ya ndege ya Ryan huko San Diego, California, ambako alishiriki katika kazi za ndege ya kivita iitwayo Fireball. Baadaye alikwenda kampuni ya Convair, na kuanzia mwaka 1953 akawa mtumishi wa General Electric.

Katika kampuni hiyo alibuni antena ya kukunja yenye vyuma viwili, ya kutumika na televisheni ndogo za kubebeka. Mwajiri wake hakuuona umuhimu wa kuitengeneza. Kampuni nyingine iliichukua, ikaiuza kwa wingi mno, na inaelezwa kwamba zawadi ya mbunifu ilikuwa antena moja iliyopakwa rangi ya dhahabu. Tukio hilo lilimfunza kwamba wazo jema lisipotengenezwa na mwenyewe, huwatajirisha wengine.

Mlio uliozaa jina

Alipoanza kuichunguza fimbo ya kusukumia, Solheim alitumia vitu vilivyokuwa karibu naye. Vipande viwili vya sukari ya mchemraba pamoja na vijiti vya aiskrimu vilimtosha kutengeneza kielelezo cha fimbo ambayo uzito wake uko kwenye ncha mbili, katikati pakiwa patupu.

Mwaka 1959, akiwa amekwisha kuhamishiwa California, alitengeneza fimbo ya namna hiyo katika gereji ya nyumba yake mjini Redwood City. Ilipogonga mpira ilitoa mlio mkali wa kengele ndogo. Mlio huo, ping, ndio uliokuwa jina la fimbo na baadaye la biashara nzima.

Wachezaji wa kulipwa waliicheka. Ilikuwa na umbo geni, na mlio wake uliwageuza watu shingo. Lakini mwaka 1961 Solheim alihamishiwa Phoenix, Arizona, akaendelea kutengeneza fimbo zake usiku na mwishoni mwa wiki huku watoto wake wakimsaidia. Akazipeleka mwenyewe viwanjani na kuwaomba wachezaji wazijaribu.

Mwaka 1966 alichora umbo jipya la fimbo ya kusukumia kwenye jalada la sahani ya santuri, kwa kuwa hapakuwa na karatasi nyingine karibu. Louise ndiye aliyependekeza iitwe kwa neno la Kiingereza lenye maana ya jibu, na nafasi ya kuchonga herufi zote ilipokosekana, alishauri herufi moja iondolewe. Hivyo ikazaliwa Anser, ambayo umbo lake limeigwa na watengenezaji wengi kuliko fimbo nyingine yoyote ya aina yake.

Mapema mwaka 1967 Julius Boros alitwaa ubingwa wa mashindano ya Phoenix akiwa na fimbo hiyo. Maagizo yalimiminika. Mwaka huohuo Solheim, akiwa na umri wa miaka 55, aliacha kazi General Electric na kuanzisha kampuni yake, Karsten Manufacturing. Wengi katika umri huo huhesabu miaka iliyobaki kabla ya kustaafu. Yeye alikuwa anaanza upya.

Siri ya uzito wa pembeni

Lakini kazi iliyomgusa zaidi mchezaji wa kawaida ni ile ya fimbo za chuma, yaani zile zenye namba ambazo hutumika kupigia mpira kutoka kwenye nyasi za uwanja kuelekea shimoni.

Fimbo za chuma za zama hizo zilifuliwa zikawa bapa jembamba. Uzito wake wote ulikusanyika nyuma ya kitovu cha uso wa fimbo. Mpira ulipopigwa na kitovu hicho, uliruka kwa raha isiyosahaulika. Lakini ulipopigwa kando hata kwa upana wa kidole kimoja, kichwa cha fimbo kilijipinda, mpira ukapoteza nguvu na mwelekeo, na mtetemo ukapanda hadi kwenye viwiko.

Kwa bingwa anayepiga mamia ya mipira kila siku, hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwa mfanyakazi wa ofisini anayecheza mara moja kwa wiki, ilikuwa adhabu.

Solheim aliutazama ukweli mmoja wa elimu ya fizikia. Mchukuzi wa maji mwenye mzega begani, ndoo moja kila upande, hawezi kugeuka haraka kama mtu aliyekumbatia mzigo wa uzito uleule kifuani. Uzito uliowekwa mbali na kiini hukataa kuzungushwa. Basi chuma kikipunguzwa katikati ya mgongo wa fimbo na kupelekwa kwenye kingo zake, kichwa cha fimbo hakijipindi sana pale mpira unapogusa pembeni.

Miaka ya mwanzo ya 1960 alianza kwa kuchimba mgongo wa fimbo zilizokwisha kufuliwa. Mwaka 1969 alitoa fimbo alizoziita Karsten I, ambazo vichwa vyake havikufuliwa bali vilisubiwa katika kalibu zilizotengenezwa kwa msaada wa nta. Usubiaji huo ulimwezesha kuupeleka uzito popote alipotaka, na kwa usahihi uleule katika kila fimbo.

Wahafidhina walisema fimbo hizo zilikuwa na sura mbaya. Solheim hakubishana nao. Kwake yeye, fimbo haikuwa pambo la kuning'inizwa ukutani.

Kiatu hufuata mguu

Mwaka 1972 kampuni yake ilianza kutumia nukta za rangi kwenye vichwa vya fimbo za chuma. Kila rangi iliwakilisha pembe kati ya mpini na ardhi, ili mchezaji mrefu, mfupi au mwenye mikono mirefu apate fimbo inayolala sawasawa chini anapopiga. Nukta nyeusi ilikuwa ya kipimo cha kawaida. Mchezaji alipimwa urefu wake pamoja na umbali kutoka kiwikoni mwa mkono hadi sakafuni, kisha akapewa rangi yake.

Jambo hilo si dogo. Fimbo ambayo ncha yake ya mbele inainuka mno humfanya mchezaji wa mkono wa kulia apeleke mpira kushoto. Ikiinama mno, mpira huelekea kulia. Mchezaji huyo anaweza kutumia miezi mingi akirekebisha mwili wake ili kuficha kosa ambalo si lake.

Ni vigumu kuitazama sehemu hii ya kazi ya Solheim bila kukumbuka kibanda cha viatu cha Seattle. Fundi viatu hamwambii mteja akate mguu. Hupima mguu kwanza, kiatu kikafuata.

Mzee aliyekwenda mahakamani

Mwaka 1982 ilitoka Eye2, ambayo ilikuja kuwa miongoni mwa fimbo za chuma zilizouzwa zaidi katika historia ya gofu. Ilikuwa na bonde kubwa mgongoni, kitako kipana na uzito uliotawanywa kingoni. Wanaojifunza waliipenda, na mabingwa pia waliichukua. Ni mafanikio hayo yaliyomwingiza Solheim katika vita kubwa zaidi ya maisha yake.

Chanzo kilikuwa vijifereji vilivyochongwa usoni mwa fimbo ili kuukamata mpira na kuuzungusha. Zamani vilikuwa na umbo la herufi V. Usubiaji ulirahisisha vijifereji vyenye kuta wima, na Chama cha Gofu cha Marekani, USGA, kiliviruhusu mwaka 1984. Wachezaji walipolalamika kwamba kingo zake kali zinachuna mipira, Solheim alizilainisha kidogo.

Hapo ndipo mgogoro ulipoanza. USGA ilitamka mwaka 1987 kwamba, kwa jinsi chama hicho kilivyopima, ulainishaji huo ulipanua vijifereji na kuvifanya vikaribiane kupita kiwango kinachoruhusiwa. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Aidha, PGA Tour, chombo kinachosimamia mashindano ya wachezaji wa kulipwa nchini humo, kiliamua mwaka 1989 kupiga marufuku aina yote ya vijifereji hivyo.

Solheim angeweza kubadilisha kalibu zake kimyakimya na kuendelea na biashara. Lakini kufanya hivyo kungekuwa kukiri kwamba watu wote waliokwisha kununua Eye2 walikuwa na fimbo haramu mikononi. Wengi wao walikuwa wachezaji wa kawaida waliotoa fedha zao kwa nia njema.

Agosti 1989, akikaribia umri wa miaka 78, alifungua kesi dhidi ya USGA akidai dola milioni 100 za Marekani. Desemba mwaka huohuo aliishtaki PGA Tour, na mahakama ikazuia marufuku hiyo isianze kutumika.

Shauri la USGA lilimalizwa kwa suluhu Januari 1990. Fimbo za Eye2 zilizotengenezwa kabla ya Aprili 1990 zilihesabiwa halali, naye Solheim akakubali kurekebisha zitakazofuata. Shauri la PGA Tour lilifikia suluhu Aprili 1993, marufuku ikafutwa. Baada ya miaka yote hiyo ya mivutano, mnunuzi wa kawaida ndiye aliyetoka salama.

Suluhu ya 1990 ilizua mjadala hata baada ya Solheim kuaga dunia. Mwaka 2010, sheria mpya ya vijifereji ilipoanza kutumika katika mashindano makubwa, wachezaji kadhaa, akiwamo Phil Mickelson, walitoa stoo fimbo za zamani za Eye2 kwa kuwa zililindwa na suluhu hiyo. Machi mwaka huo mwanawe, John Solheim, ambaye alikuwa amekabidhiwa uongozi wa kampuni mwaka 1995, alikubali kuachia haki hiyo katika mashindano ya kulipwa ili kumaliza utata.

Somo kwa anayeanza

Kwa mchezaji mpya, urithi wa Solheim unaonekana pale anapochagua seti yake ya kwanza. Jambo la kutazama mwanzo ni mgongo wa fimbo. Ukiwa na bonde, na chuma kikiwa kimejazana kwenye kingo na chini, fimbo hiyo itapunguza adhabu ya mpira uliogusa pembeni. Kitako kipana nacho husaidia, kwa kuwa fimbo haizami ardhini kwa urahisi inapogonga udongo kabla ya mpira.

Fimbo nyingi za wanaojifunza huwa na uso uliorudi nyuma kidogo ya mpini. Umbo hilo humwongezea mchezaji muda kidogo wa kuunyoosha uso wa fimbo kabla haujakutana na mpira, jambo linalomfaa yule ambaye mipira yake hukimbilia kulia. Asiye na kasi kubwa ya mikono hufaidika na mpini mwepesi na unaonyumbulika kuliko mgumu.

Fimbo za namba 3 na 4 ni ngumu hata kwa wazoefu. Wanaoanza huziacha na kuchukua mahali pake fimbo chotara, zenye kichwa kinene na uzito ulio chini, ambazo huinua mpira kwa wepesi zaidi. Hali kadhalika, sheria za gofu huweka kikomo cha fimbo 14 mfukoni, lakini hazimlazimishi mtu kubeba zote. Nusu ya idadi hiyo humtosha anayejifunza.

Wala si lazima fimbo iwe mpya. Kanuni ya uzito wa pembeni haichakai, na seti iliyotumika lakini ikatunzwa vema, yenye pembe zinazomfaa mwenyewe, ni bora kuliko seti mpya iliyonunuliwa kwa sababu ya kung'aa. Kosa la wengi ni fahari: kuchukua bapa jembamba la bingwa aliyeonekana kwenye televisheni, kisha kulipa gharama yake kila Jumamosi.

Hata hivyo, fimbo inayosamehe haimfundishi mtu kupiga. Huzuia kosa dogo lisiwe kubwa, lakini mwili usiojifunza utaendelea kukosea. Wapo pia wachezaji hodari wanaopendelea mabapa, kwa sababu huwajulisha mara moja mahali mpira ulipogusa na kuwaruhusu kuupinda mpira watakavyo. Solheim hakuliondoa jukumu la mchezaji. Aliliondoa lile la fimbo kumwadhibu kupita kiasi.

Mwaka 1990, kesi zake zikiwa bado moto, yeye na Louise walisaidia kuanzisha mashindano ya wanawake wa kulipwa wa Marekani na Ulaya. Ya kwanza yalifanyika katika uwanja wa Lake Nona, Florida, na Marekani ikashinda kwa pointi 11.5 dhidi ya 4.5. Kombe hilo, liitwalo Solheim Cup, limekuwa kwa gofu ya wanawake moja ya makabiliano yenye ushindani mkali zaidi.

Miaka yake ya mwisho ilitawaliwa na ugonjwa wa Parkinson, maradhi yanayotetemesha mikono na kuuondolea mwili utulivu wake. Alifariki mjini Phoenix, na mwaka 2001 jina lake likaingizwa katika Jumba la Heshima la Gofu Duniani. Louise alimfuata mwaka 2017.

Hakuwa bingwa wa gofu, wala hakushinda taji lolote kubwa la wachezaji wa kulipwa. Aliingia uwanjani akiwa mtu mzima, akashindwa kama wanavyoshindwa wengi, akakataa kuamini kwamba lawama yote ni ya mikono yake. Kwa ukaidi huo, waliokuja nyuma yake walikuta mlango wa mchezo ukiwa wazi kidogo zaidi ya alivyoukuta yeye.